PIMA KWANZA, NDIPO ULIPE



Juma hili natuzungumze habari ya intaneti ya nyumbani inayokwenda kwa kujikokota. Zamani shida hii ilikuwa ya watu wa mjini. Siku hizi imefika hata kwetu vijijini. Kijana huomba mkopo wa chuo kwa njia ya mtandao, mama huuliza bei ya maharage, baba huongea na ndugu yake aliye mbali huku wakitazamana uso kwa uso. Mambo hayo yakikwama, nyumba nzima hununa, na mara husikika sauti ikisema: "Kifurushi hiki ni kidogo, tununue kikubwa zaidi."

Ndugu msomaji, ngoja kwanza. Umejuaje kwamba kosa ni la kifurushi? Mtu akiumwa na tumbo hanunui dawa ya macho. Mara nyingi fedha hutoka, kifurushi huongezwa, na intaneti hubaki vile vile, kwa sababu kosa limo ndani ya nyumba yenyewe. Basi leo nataka kukuonyesha namna ya kupima kasi ya intaneti yako, na namna ya kulitafuta kosa hatua kwa hatua, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Kipimo chenyewe

Kupima si kazi ngumu. Fungua mtandao katika simu yako, uandike fast.com, au utafute Speedtest. Cha kwanza ni kipimo cha kampuni ya Netflix ya Marekani, na cha pili ni cha kampuni ya Ookla, ambayo imekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 2006. Vyote viwili hutumika bure. Lakini jihadhari: hulipi ada, ila bando lako linaliwa. Intaneti yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ikipimwa kwa sekunde 15 tu, hula karibu megabaiti 19. Mwenye bando dogo asifanye kipimo kuwa mchezo wa watoto.

Kipimo hutoa namba tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakua, yaani jinsi vitu vinavyokuja kwako upesi. Ya pili ni kasi ya kupakia, yaani jinsi vitu vyako vinavyokwenda nje upesi. Ya tatu ni muda wa kwenda na kurudi, nayo huhesabiwa kwa milisekunde, ambazo 1000 hufanya sekunde moja. Katika fast.com, namba hizo mbili za mwisho huonekana ukibonyeza mahali pa maelezo zaidi.

Watu wengi hutazama namba ya kwanza tu, kisha hufunga. Hilo si sawa. Kijana anayetuma picha ya cheti chake kwa ajili ya mkopo hatumii kasi ya kupakua, anatumia ya kupakia. Picha ya megabaiti 6, ikipakiwa kwa nusu megabiti kwa sekunde, itachukua zaidi ya dakika moja na nusu, na katika muda huo laini ikikatika huenda ikambidi aanze upya. Kwa kasi ya megabiti 4, picha hiyo hiyo hufika kwa sekunde 12. Namba ya tatu nayo ndiyo inayohusu mazungumzo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeshauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Kwa kuwa kipimo huhesabu kwenda na kurudi, ukiona namba imezidi 300 usishangae mkikatizana maneno katika simu, hata kama kasi ya kupakua ni nzuri.

Kibaba na pishi

Hapa pana jambo linalowapotosha hata wasomi. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, lakini ukubwa wa picha, wa video na wa bando huhesabiwa kwa megabaiti. Wazee wetu walijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtu akiuziwa vibaba naye akadhani ni pishi, atalia kwamba ameibiwa, na kumbe hakuibiwa. Vivyo hivyo biti 8 hufanya baiti moja. Ukiuziwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, utapakua megabaiti moja kwa sekunde. Video ya megabaiti 40 itachukua sekunde 40, na hapo hakuna wizi wowote.

Tena, jiulize unahitaji kasi gani. Netflix yenyewe hushauri megabiti 3 kwa sekunde kwa mtu atakaye kutazama filamu yenye picha safi, na megabiti 5 kwa picha iliyo safi zaidi. Kuongea kwa sauti peke yake hakufikishi hata megabiti moja. Basi nyumba yenye simu mbili au tatu, ikiwa kweli inapata megabiti 10, haina haja ya kulilia megabiti 40.

Andika katika daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo kimoja si ushahidi. Chukua daftari la shule, upige mistari, uandike tarehe, saa, mahali ulipokuwa umesimama, simu uliyotumia, na zile namba tatu. Pima asubuhi na mapema, pima mchana, pima saa mbili usiku. Fanya hivyo kwa siku tatu. Ukimaliza, daftari lenyewe litaanza kusema.

Ukiona namba ni ndogo saa zote, kosa ni la kudumu. Ukiona ni nzuri alfajiri na mbaya usiku tu, yaelekea mnara umeelemewa, maana kasi ya mnara hugawanywa kwa watu wote wanaoutumia kwa wakati ule, na usiku kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi. Hapo kifurushi kikubwa hakiwezi kupanua mnara. Dawa yake ni kufanya kazi kubwa saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala.

Kulitafuta kosa

Sasa tulitafute kosa. Sheria ni moja: badili jambo moja tu, kisha pima. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Kwanza, muulize jirani anayetumia kampuni ile ile. Ikiwa na kwake ni mbaya, basi usiguse kitu, kosa liko mbali. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za Afrika ya Mashariki. Siku ile hata kama ungaliizima ruta yako mara mia, usingalipata faida.

Pili, ikiwa jirani hana shida, zima ruta, hesabu dakika moja, uiwashe tena. Yaonekana kama mzaha, lakini ruta ni kompyuta ndogo, nayo ikikaa majuma mengi bila kuzimwa huweza kukorogeka.

Tatu, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta upime. Kisha nenda chumba cha mbali upime tena. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kama karibu ni pazuri na mbali ni pabaya, basi intaneti imefika nyumbani kwako salama, ila waifai ndiyo inayoshindwa kupita ndani. Usiilaumu kampuni. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali lakini hayana kasi sana, na ya gigahezi 5, ambayo yana kasi lakini hushindwa upesi na kuta. Aliye karibu atumie ya 5, aliye chumba cha mbali atumie ya 2.4.

Nne, tazama mahali ruta ilipowekwa. Naijua familia moja ya hapa kijijini iliyofungia ruta yake ndani ya kabati la chuma, kwa kuogopa wezi na mikono ya watoto. Intaneti ikawa mbaya. Wakaongeza kifurushi, wakalipa mara mbili ya fedha za mwanzo kwa miezi miwili, fedha zilizotoka katika maharage. Haikufaa kitu. Binti yao, aliyekuwa akiomba mkopo wa elimu ya juu, alipanda bodaboda mara tatu kwenda steshenari mjini kutuma karatasi zake, na siku za mwisho wa maombi zilikuwa zikikaribia. Hatimaye mtu akawashauri wapime. Sebuleni, kabati likiwa limefungwa, walipata megabiti 2. Wakaitoa ruta, wakaiweka juu ya rafu karibu na dirisha linaloelekea mnara, wakapata megabiti 14. Binti akatuma karatasi zilizobaki usiku ule ule, akiwa amekaa mezani kwao. Wakarudi katika kifurushi cha zamani, na mpaka leo kinawatosha.

Sababu yake si uchawi. Chuma huzuia mawimbi na kuyarudisha nyuma. Ndiyo maana watu wengi wenye nyumba za mabati hutoka nje wakitaka kupiga simu. Ukuta mnene wa tofali nao hupunguza, na pipa la maji vile vile. Basi ruta ya laini ya simu iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na dirisha la upande wa mnara. Ukiogopa wezi, iweke juu isikofikiwa kwa mkono, au funga nondo dirishani, lakini usiizike ndani ya chuma.

Tano, jua ni nani anayekunywa katika kisima chako. Hesabu simu zote zinazotumia waifai ya nyumbani. Kama neno la siri limejulikana na vijana wa mtaa mzima, usishangae kwamba kisima kimekauka. Badili neno lile, uweke gumu, umpe mwenye haki tu. Tena tazama simu zenyewe. Simu nyingi hujisasisha programu zake au hupeleka picha zake mtandaoni bila kumwambia mwenyewe. Ingia katika mipangilio, uzuie mambo hayo mchana, yafanyike usiku wa manane.

Sita, pima kwa simu nyingine. Ikiwa simu moja inapata megabiti 3 na nyingine, mahali pale pale na dakika zile zile, inapata 12, mgonjwa ni simu, si intaneti. Anayetumia laini ya simu bila ruta atazame alama iliyo juu ya kioo. Ikiandikwa E, simu imeshuka katika mtandao wa zamani, na hapo hata tovuti moja hufunguka kwa taabu. Ikiandikwa 4G, kuna tumaini. Mara nyingine kusogea hatua kumi kuelekea mlimani kwatosha kubadili alama hiyo.

Saba, soma masharti ya kifurushi chako. Vipo vifurushi vinavyopunguza kasi ukishatumia kiasi fulani, hata kama siku hazijaisha. Kama intaneti huwa nzuri mwanzo wa mwezi na mbaya mwisho wake, tafuta jibu huko.

Ikiwa bado

Ikiwa umepita hatua zote saba na daftari bado linaonyesha namba mbaya, hapo una haki ya kulalamika, tena una silaha. Mtu anayepiga simu na kusema "intaneti yenu mbaya" hujibiwa "zima uwashe", maneno yakaishia hapo. Lakini mtu anayesema, "Nimepima mara tisa kwa siku tatu, karibu na ruta, kwa simu mbili, nimepata megabiti 2, nami nalipia 10," huyo hawezi kupuuzwa kwa urahisi. Dai namba ya malalamiko yako, uiandike katika daftari lile lile. Kampuni isipokusikiliza, peleka shauri lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo hupokea malalamiko ya wateja waliokwisha kulalamika kwanza kwa kampuni. Walioko Kenya wanayo mamlaka yao ya namna hiyo hiyo.

Wazazi, kazi hii wapeni watoto walioko shule. Mtoto wa darasa la saba aweza kupima, kuandika na kugawanya kwa 8. Atajifunza hesabu, nanyi mtajua fedha zenu zaenda wapi. Kifurushi kikubwa kinunuliwe pale daftari linaposema kwamba kidogo hakitoshi, si pale hasira inaposema. Jioni ya leo, kabla ya kumpigia wakala, tafuteni kwanza daftari na kalamu, mkasimame hatua mbili kutoka kwenye ruta.

Wasalaam, mpaka juma lijalo.