MAONI: Santuri isubiri, linda masta yako kwanza

Ukikaa na vijana wanaotengeneza muziki wa kudansi kwa kompyuta hapa Garissa, haichukui muda kabla mmoja wao hajataja santuri. Si CD, si kaseti. Santuri, ile sahani nyeusi ya enzi za babu. Wameona kwenye Instagram maprodyusa wa Kampala na Nairobi wakiishika mkononi kama kombe la ligi, jina lao liko kwa jalada, na wanajiuliza: kwani sisi tumekosa nini?

Ni swali zuri. Lakini jibu langu ni kwamba santuri isubiri. Toa muziki wako kidijitali kwanza, na kabla hata ya kuutoa, hakikisha masta, yaani rekodi kamili ya mwisho, iko mikononi mwako, ina majina ya wote walioifanya, na nakala zake ziko zaidi ya mahali pamoja. Ukikimbilia santuri bila hayo, unaweza kubaki na pambo zuri la sebuleni huku wimbo wenyewe ni mali ya mtu mwingine.

Wanaoipenda santuri si wajinga. Muziki wa kudansi na santuri vimelelewa pamoja. Ma-DJ wa Chicago na Detroit waliojenga house na techno walichezea sahani ya inchi 12. Sahani hiyo ikizungushwa mara 45 kwa dakika, mifereji yake hupata nafasi pana, na besi inatoka nzito hadi unaisikia kifuani. Biashara pia ipo. Mwaka wa 2022 Marekani ilinunua santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuongoza tangu miaka ya 1980.

Tena mfano uko karibu. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka wa 2017, singeli kutoka studio ya mtaani Dar es Salaam. Kabla ya hapo singeli ilikuwa muziki wa vigodoro na flashi, na wenye heshima zao waliuona kama kelele za uswahilini. Lebo ilipouchukua na kuufikisha hadi kwenye santuri, ma-DJ wa Ulaya walianza kuucheza, na vijana wa Sisso wakapanda ndege kwenda kutumbuiza huko. Kwa hivyo santuri inaweza kufungua mlango. Hilo sikatai.

Sasa tupige hesabu ya Garissa.

Kuna wakati Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha santuri. Singo za inchi 7 za benga zilichapishwa hapo na kusambaa hadi Tanzania na Uganda. Siku hizi ukitaka santuri unaagiza ng'ambo, na viwanda vingi vinataka uanze na nakala 100 hadi 300. Sahani nzito ina gramu 180. Zidisha kwa 300, unapata kilo 54 bila jalada wala katoni, zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Mzigo huo usafirishwe, ulipiwe ushuru, halafu upande basi la Garissa. Na jua letu unalijua. Santuri ni plastiki. Iache ndani ya gari lililoegeshwa juani pale Soko Mugdi kuanzia Adhuhuri hadi Alasiri, utaikuta imejikunja kama chapati.

Halafu nani atainunua? Niambie nyumba ngapi Bula Iftin ziko na gramafoni. Mnunuzi wa santuri yako yuko Berlin, London au Tokyo. Huko ni kuuza nje, kama vile tunavyouza mbuzi, na si dhambi. Lakini mfugaji hapeleki mbuzi sokoni kabla ya kujua ni wake, na kabla ya kujua bei.

Na sisi muziki tunao. Dhaanto ilikuwa ngoma ya makofi na kuitikiana, na leo inapigwa kwa kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta, na harusi nzima inasimama. Hata kabla ya laptopu kufika, mpiga kinanda wa harusi za Kisomali alikuwa akibonyeza mdundo wa mashine huku mwimbaji akichukua maikrofoni. Huo ni muziki wa kielektroniki wa kudansi, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Gargar, kundi la kina mama Wasomali kutoka hapa Garissa, walirekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi, ndiyo maana leo wanaweza kusikika mbali na hapa. Wengine wengi hawana rekodi yoyote ya kuaminika.

Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa. Muziki wa vijana wa huku unaishi kwa simu. Prodyusa anatoa biti, anaituma WhatsApp, inazunguka mji mzima ndani ya wiki moja, halafu simu inaibwa au laptopu inakufa. Kinachobaki ni nakala ya MP3 iliyobanwa mara tatu, bila jina. Wimbo wa dakika nne ukiwa WAV ni kama MB 40. Huo unaozunguka kwa simu hata MB 4 haufiki. Siku lebo ikikupigia, itaomba ule wa 40, tena na vipande vyake: ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake. Utawapa nini?

Wasomali wenzetu walishapitia hili, na kwao halikuwa jambo la simu kuibwa. Mwaka wa 1988, ndege za serikali ya Siad Barre ziliposhambulia Hargeisa, wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki waliwahi kuficha kanda. Nyingine zilitawanywa nje ya mji, nyingine zikafukiwa ardhini. Leo kituo cha utamaduni cha Hargeisa kina zaidi ya kaseti 10,000. Kutokana na kanda za aina hiyo, lebo ya Ostinato ya New York ilitoa Sweet as Broken Dates mwaka wa 2017, ikateuliwa kuwania tuzo za Grammy. Miaka miwili baadaye, lebo ya Ujerumani, Analog Africa, ikatoa Mogadisco, muziki wa kudansi wa Mogadishu wa kuanzia 1972 hadi 1991, uliotafutwa ndani ya hifadhi ya Redio Mogadishu.

Nyimbo hizo zimefika kwenye santuri miongo kadhaa baada ya kurekodiwa. Hazikuokolewa na santuri, ziliokolewa na nakala. Kaseti ilikuwa rahisi, kila familia ilinakili, waliokimbia vita walibeba chache kwa begi. Redio ilipopigwa, wimbo ulikuwa bado uko kwa nyumba ya mtu Djibouti, Eastleigh ama Toronto. Lakini angalia pia kilichopotea: kanda nyingi hazikuandikwa jina la mpiga gitaa wala mwaka. Watu wamelazimika kuzunguka nchi kadhaa wakiuliza wazee, huyu anayeimba ni nani? Wewe uko hai na una kalamu. Andika.

Msinielewe vibaya, dijitali si pepo. Mwaka wa 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa huko kwa miaka 12 zimepotea walipohamisha data, na inakadiriwa zilikuwa milioni 50. Kuna wasambazaji wanaotoza ada kila mwaka, na ukikosa kulipa, wimbo unashushwa. Spotify nayo iliamua kuanzia 2024 kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa prodyusa wa Garissa anayeanza, hiyo inamaanisha mashabiki 300 wa kweli wanaweza kukusikiliza mara tatu kila mmoja na usione hata bob.

Ndiyo maana ninasema tofautisha duka na ghala. Spotify, Boomplay, Mdundo na YouTube ni maduka. Weka wimbo huko watu wakujue. Ghala ni lako: diski ya nje nyumbani, nakala kwa akaunti yako ya mtandaoni, na nyingine kwa mtu unayemwamini anayeishi mji mwingine. Kisha uza moja kwa moja unapoweza. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Watu 100 wakinunua EP yako kwa dola 5, hata baada ya ada ya malipo hukosi kubaki na zaidi ya dola 350. Hao 100 pia watakuonyesha kama soko la santuri lipo, bila wewe kukopa.

Mtazame KMRU, kijana wa Nairobi anayejulikana dunia nzima kwa muziki wake wa kielektroniki. Kazi zake zimetoka kwenye santuri za lebo za Ulaya. Lakini pia amekuwa akirudisha mtandaoni nyimbo za babu yake, mwanamuziki Joseph Kamaru aliyefariki mwaka wa 2018. Aliweza kwa sababu rekodi zilikuwa zimetunzwa na familia ilikuwa na usemi juu yake. Jiulize mjukuu wako atapata nini kwa simu yako.

Na siku lebo ikikuandikia, soma karatasi kabla ya kupiga picha na santuri. Kuna tofauti kubwa kati ya kuipa lebo ruhusa ya kuchapisha kwa miaka mitano na kuiuzia masta milele. Uliza: baada ya gharama kurudi, tunagawana vipi? Nikitaka kutoa upya, naomba ruhusa kwa nani? Kama wimbo una sauti ya mama aliyeimba dhaanto kwa harusi, yeye fungu lake liko wapi? Sajili kazi yako KECOBO kabla hujasaini. Lebo inayokasirika kwa sababu umeuliza maswali, achana nayo, walahi.

Serikali ya kaunti nayo ina kazi hapa. Mji huu ndio ulioanza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa mgongo wa ngamia mwaka wa 1996, chini ya maktaba ya taifa. Kama maktaba iliweza kumfikia mtoto katikati ya nyika, haiwezi kushindwa na kompyuta moja na diski mbili za kuhifadhi muziki wa Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na majina ya waliouimba. Gharama yake ni ndogo kuliko hema za sherehe moja ya kaunti. Kina mama wanaozijua ngoma za zamani wanazeeka, na hawatatusubiri tumalize mikutano.

Ukishafanya hayo yote, na una watu 100 ambao wamelipia oda mapema, basi agiza santuri, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuomba moja hata kama sina mashine ya kuichezea. Nitaificha mbali na jua.

Lakini leo jioni, kabla ya kufungua programu uanze biti mpya, fungua ile folda ya zamani. Toa WAV, andika majina, weka nakala tatu. Ni kazi ya saa moja, na stimu ikiwepo unaimaliza kabla ya chajio.