Saa ya Mheshimiwa

Mwaliko ulisema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi aliwasili saa tano na robo, akapanda jukwaani bila neno la radhi, na alipoinua mkono kuwapungia wanafunzi wetu niliiona: saa ya chuma yenye pete nusu nyekundu, nusu buluu. Saa ya namna ile huweza kusoma majira ya nchi tatu kwa pamoja. Ya ukumbi wetu haikuyasoma.

Saa hiyo, GMT-Master ya Rolex, ilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa shirika la Pan American, watu waliovuka bahari na kuhitaji kujua ni saa ngapi walikotoka na ni saa ngapi waendako. Mshale wake wa nne huzunguka mara moja tu kwa saa 24. Rangi mbili za pete hutenga mchana na usiku. Kilikuwa chombo cha kazi, kama jembe. Sina ugomvi na rubani. Leo ile ya chuma, ikiwa mpya, huuzwa zaidi ya dola 10,000. Mwalimu wa shule ya msingi na apige hesabu mwenyewe.

Nitaambiwa nina wivu, au kwamba ile ni bandia ya Kariakoo. Kama ni bandia, atamke. Kama ni zawadi, amtaje aliyempa. Nchini Peru, Machi 2024, polisi na waendesha mashtaka walivunja mlango wa nyumba ya Rais Dina Boluarte wakizitafuta saa za Rolex ambazo hakuwa amezitangaza. Awali alidai ni tunda la jasho lake. Baadaye akasema aliazimwa na gavana rafiki yake. Gavana anayesubiri fedha za serikali kuu humwazima Rais saa kwa sababu gani?

Sisi tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake kwa maandishi. Wanafunzi wangu huijibia mtihani. Nisichoweza kuwafundisha bila aibu ni kwa nini raia anayeuliza habari za mkono wa Mheshimiwa huitwa mtovu wa adabu, ilhali Mheshimiwa aliyewaketisha na njaa zaidi ya saa mbili hupigiwa makofi. Siku ile yalipigwa marefu. Nami nilipiga.