MOTO UKISHA KUZIMWA, NANI ANAULIZA?



Sisi watu wa reli twajua jambo moja vizuri. Behewa likianguka, hata likiwa tupu, hata kama hakuna aliyekwaruzwa kidole, wakaguzi huja. Hupima njia, hutazama magurudumu, huhesabu mataruma yaliyooza, humwita dereva na gadi na mtu wa signali, na kila mmoja huandikisha maneno yake. Mara nyingine twanung'unika juu ya mabaraza hayo, maana lawama hupenda kumwangukia mtu mdogo. Lakini sababu hutafutwa, na ikipatikana huandikwa, na amri hupelekwa stesheni zote.

Sasa twauliza: nyumba ikiungua hapa Nairobi, nani anayefanya kazi hiyo?

Wenzetu wanaokaa Jamhuri, Woodley na Kibera wameona soko la Toi likiungua si mara moja wala mbili. Asubuhi, majivu yangali ya moto, watu wanapigilia mabati mapya, kwa sababu asiyerudi mapema hupoteza mahali pake. Hatuwalaumu, wana watoto wa kulisha. Lakini dalili zote zimekwisha kukanyagwa. Halafu twasikia maneno yale yale: chanzo hakijajulikana, au, ni hitilafu ya umeme. Hitilafu gani? Waya ulivutwa na nani, na alilipwa na nani? Huko Gikomba, ambako tarehe 28 Juni 2018 moto uliua watu 15, watu wamenong'ona miaka mingi ya kwamba wako wanaoutaka uwanja. Hatusemi ni kweli. Twasema mnong'ono hauwezi kufa mahali ambapo hakuna jibu.

Wakubwa watatuambia, zima moto la Jiji lipo. Ndiyo, lipo. Stesheni yake iko Tom Mboya Street, na wale wazima moto ni wafanya kazi kama sisi, hatuna neno baya juu yao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya kuzima moto. Lakini kuzima ni kazi moja. Kukagua kabla ya moto, na kuchunguza baada yake, ni kazi nyingine, na hiyo imekatwa vipande vipande kama mkate wa harusi. Kipande kimoja kwa wakaguzi wa usalama kazini, kingine kwa watu wa nishati, kingine kwa watu wa mazingira, kingine kwa kaunti, kingine kwa polisi. Kila mmoja ana muhuri wake, na siku ya matata kila mmoja ana beseni lake la kunawia mikono, kama Pilato.

Tazameni Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa, na zaidi ya mia mbili waliumia. Ofisi ya nishati, EPRA, ilisema ya kwamba mwaka 2023 ilikataa mara tatu maombi ya kujenga kiwanda cha gesi mahali pale. Nayo ofisi ya mazingira, NEMA, ilisema kibali chake kilitolewa na maafisa wake kinyume cha taratibu. Basi ofisi moja ilikataa, nyingine ikakubali, na gesi ikaendelea kujazwa. Aliyekataa hakwenda kutia kufuli. Kukataa kwenye karatasi kuna faida gani kwa mtu aliyelala chumba cha jirani?

Na mashule je? Machi 2001, wavulana 67 waliungua Kyanguli, Machakos, wamefungiwa ndani ya bweni. Mwaka 2008 Serikali ikatoa kitabu cha kanuni: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje. Kanuni nzuri. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, hapa hapa karibu nasi. Septemba 2024 wavulana 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Ndipo wakaguzi wakatumwa nchini, na kabla ya mwaka kwisha mabweni ya shule za msingi zaidi ya 300 yakaamriwa kufungwa. Kumbe kukagua kunawezekana! Walikuwa wapi mwezi wa Agosti?

Wako watakaosema, mahakama ipo, mwenye kosa na ashitakiwe. Sisi hatukatai. Lakini kumtafuta mtu wa kufunga jela si sawa na kutafuta sababu. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, Marekani, kiwanda cha kushona nguo cha Triangle kiliungua, wakafa wafanya kazi 146, wengi wao wasichana wageni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuogopa wizi. Wenye kiwanda walishitakiwa, na mahakama ikawaachilia. Kama mambo yangaliishia hapo, yangaliishia bure. Lakini jimbo liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na ndani ya tume akakaa Samuel Gompers, mkubwa wa vyama vya wafanya kazi. Wakaingia viwandani wenyewe, wakapanda ngazi, wakajaribu milango. Sheria nyingi za milango, ngazi na maji ya kuzimia moto zilitoka kwao.

Nasi tulikuwa na Nakumatt Downtown, katikati ya mji, tarehe 28 Januari 2009. Waliookoka walisimulia habari za milango iliyofungwa. Miaka 98 baada ya Triangle, mlango ni ule ule!

Jirani zetu wa Tanzania wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, la nchi nzima, kwa sheria ya mwaka 2007, na kukagua majengo ni kazi yake. Hatusemi huko ni peponi. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Waziri Mkuu akaunda kamati ya kuchunguza. Jeshi peke yake halitoshi. Lakini mtu wa kule ajua mlango wa kubisha.

Basi twataka nini? Twataka idara moja ya Serikali ya kukagua na kuchunguza moto. Isiwe ile ile inayouza leseni, maana mwuzaji hawezi kuipima mizani yake. Iwe na nguvu ya kufunga mahali siku ile ile. Taarifa zake zitolewe kwa watu wote, zisilale sandukuni. Na ndani yake wakae watu wa vyama vya wafanya kazi. Tom Mboya mwenyewe, kabla ya kuongoza vyama, alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji hili. Kijana wa mfanya kazi aweza kukagua.

Huku tukingoja, ziko kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini. Zasema kila mahali pa kazi pawe na kikundi kilichofundishwa kuzima moto, watu wajizoeze kutoka nje angalau mara moja kila miezi 12, na ukaguzi wa moto ufanywe kila mwaka. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi, sheria yataka kamati ya usalama iliyo na wafanya kazi ndani yake. Twajua mahali, hatupataji, ambapo mlango wa nyuma una mnyororo tangu tulipoajiriwa, na mtungi wa kuzimia moto hutumika kuzuia mlango wa choo usijifunge.

Mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama alete mambo matatu yaliyoandikwa: milango mingapi ya kutokea iko kazini kwake, na mingapi ina kufuli, na nani anashika ufunguo usiku. Katibu atazikusanya karatasi zote na kuzipeleka kwa mkaguzi wa usalama kazini, na nakala ya risiti itabandikwa ubaoni.