Nchi ndogo ndani ya jumuiya kubwa



Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, wanachama wakigombania mgawanyo wa faida. Kenya, Tanzania na Uganda zilisaini mkataba mpya mjini Arusha mwaka 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024.

Kwa nchi ndogo isiyo na bahari kama Burundi, faida ya kwanza ni njia: mizigo yake hutegemea bandari za majirani, hasa Dar es Salaam. Ya pili ni sauti. Kila nchi huchagua wabunge 9 wa Bunge la Afrika Mashariki, Burundi sawa na Kongo, na wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano.

Gharama nazo zipo. Nchi haijipangii tena peke yake ushuru wa bidhaa za nje, viwanda vyake vichanga hushindana na vya Kenya, na mchango wa bajeti huelemea hazina ndogo.

Hata ukubwa hauondoi haja ya jirani. Sehemu kubwa ya shaba ya Likasi na Kolwezi, huku Kongo, hupita mpaka wa Kasumbalesa na kuvuka Zambia, ndipo ifike baharini. Kwa hiyo nchi ndogo yafaa iingie katika jumuiya, mradi bunge lake lijadili mkataba waziwazi, viwanda vipewe muda wa kujiandaa, na pengo la mapato ya forodha litakalotokana na kujiunga lipangiwe mapema.

Msomaji,
Likasi, Haut-Katanga