Mwacheni Mtoto Apime Reli

Nimetukanwa, na nimeona heri nijibu kwa kalamu kuliko kujibizana na mtu mzima mbele ya majirani.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi moja niliwachukua watoto wanne wa mtaani kwetu hapa Tunduma, nikaazima futi ya fundi cherehani, tukaenda kwenye reli ya TAZARA. Mzee mmoja anayefanya kazi pale alituruhusu kupima, naye akasimama pembeni akituchunga. Wakapima kutoka chuma hadi chuma: sentimita 106 na kitu. Nikawaambia kwa hesabu kamili ni milimita 1,067, na kwamba Reli ya Kati, ile ya zamani iendayo Kigoma, upana wake ni milimita 1,000. Mmoja wao, mtoto wa darasa la tano, akakunja uso. "Kwa hiyo kaka, treni ya Kigoma ikija huku inadumbukia katikati?"

Inadumbukia, ndiyo. Sasa mizigo je? Nikamweleza habari za Kidatu, ambako mwaka 1998 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Na kwa nini wasijenge sawasawa tangu mwanzo? Kwa sababu ile ya Kati ilianzwa na Wajerumani kwa mahesabu yao, na hii yetu, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa Wachina, ilifuata upana wa reli za Zambia na nchi za kusini. Maswali hayakwisha mpaka tukafika nyumbani. Mwingine aligundua mwenyewe kwamba kama reli nzima ni kilomita 1,860 na za kwetu ni 975, basi Zambia wana 885. Alitoa kwa kijiti, mchangani. Hakuna aliyemwambia atoe.

Jioni baba wa yule wa Kigoma akanifuata. Alikuwa amempa mtoto shilingi 500 ya tuisheni, na mtoto hakwenda. Nikamwamkia, hakuitikia. "Wewe umemaliza kidato cha nne, umekaa hapo unaandika riwaya ambazo hata hazichapwi, ndiyo umfundishe mwanangu? Mtihani utauliza upana wa reli?"

Kuhusu riwaya amesema kweli, muswada uko chini ya kitanda mwaka wa tatu huu. Na kuhusu mtihani pia pengine amesema kweli. Hapo ndipo ninapogombana naye, maana anadhani jibu hilo limemaliza mazungumzo.

Hivi jamani, tuisheni ni nini? Mtoto ametoka darasani saa tisa, anakula haraka haraka, anakwenda kukaa kwenye benchi la mtu mwingine, ananakili maswali yaleyale aliyonakili asubuhi. Ni darasa lilelile limehamishiwa sebuleni, tena bila dirisha. Tunaita elimu ya ziada. Ziada ya nini? Kama asubuhi hakuelewa, mara ya pili kwa maneno yaleyale ataelewaje?

Mimi nina ushahidi wangu. Mwaka 2013 nilikuwa darasa la sita. Tarehe 1 Januari mwaka ule Zambia walikata sufuri tatu kwenye kwacha. Noti ya 50,000 ya zamani ikawa sawa na 50 mpya, na 500 ya zamani ikawa ngwee 50. Mpaka mwisho wa Juni za zamani na mpya zilitumika pamoja. Mama alikuwa akiuza nyanya karibu na mpaka, wateja wake wengi wakitoka ng'ambo, Nakonde. Ukichanganya 100 ya zamani na 100 mpya umekosea mara elfu nzima! Jioni mama anamwaga hela kwenye kanga, mimi na dada tunatenganisha, tunagawanya kwa elfu, halafu tunageuza kuwa shilingi kwa bei ya siku ile.

Mwezi uleule darasani tulikuwa kwenye desimali. Mwalimu aliandika mistari kumi ubaoni, tukanakili. Hakuna aliyetamka neno kwacha, wakati nusu ya darasa tulikuwa na kwacha mfukoni. Zoezi lile nilipata mbili juu ya kumi. Nyumbani sikukosea, maana kosa lilikuwa linakula nyanya za mama. Simlaumu sana mwalimu, tulikuwa wengi na madawati machache. Lakini nililia siku ile nikiamini kwamba sina akili ya hesabu, na hilo liliniganda mpaka kidato cha nne.

Kimondo nacho. Tuliulizwa kwenye mtihani kiko wapi, nikaandika "Mbozi", nikapata vema. Nilikiona kwa macho nina miaka 19, kwa sababu tu nilisindikiza msiba upande ule. Kiko mlima Marengi, humuhumu mkoani kwetu Songwe. Chuma kitupu, karibu asilimia 90, kilichobaki zaidi ni nikeli. Urefu wake kama mita tatu, na uzito wanaukadiria tani 16, ingawa zamani walisema 25. Wenyeji walikijua kabla wageni hawajaanza kukiandika mwaka 1930. Halafu jambo ambalo vema yangu haikuniambia: hakuna shimo. Kitu kizito vile kimeanguka kutoka angani na shimo lake halionekani! Mtoto wa miaka kumi angelala na swali hilo. Mimi nililala na vema.

Najua nitajibiwa kwamba Tunduma si mahali pa kumwachia mtoto nje. Malori yamepanga foleni, mabaa yanaimba tangu mchana, magendo yanapita uchochoroni. Kweli kabisa. Na mtoto anayeuza mayai ya kuchemsha usiku kati ya malori simwiti mwanafunzi wa maisha, hiyo ni kazi na inammaliza. Sisemi aachiwe. Nasema mtu mzima atoke naye, saa mbili kwa wiki. Wakinamama wa sokoni hawana hizo saa mbili, nalijua hilo kuliko wengi. Lakini sisi wa kijiweni tunaomaliza mchana kubishana Simba na Yanga, tunazo.

Wala si jambo jipya. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu shule zinazomtenga mtoto na jamii yake na kumwaminisha kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Waulize wazee wazo lile liliishia wapi. Wengi watakwambia jembe. Kutoka nje ya darasa kukawa kwenda kulima, na mara nyingi kulima ni adhabu. Tukazika wazo zuri kwenye matuta ya mahindi.

Na sisi watunzi chipukizi tusijifiche nyuma ya wazazi. Hadithi zetu zote zinatokea Dar es Salaam, kuna gari la kifahari na msichana wa Masaki, hata tusiofika Masaki tunamwandika. Ni nani kati yetu ameandikia mtoto wa mpakani hadithi yenye kwacha, foleni ya malori na bibi anayesema Kinyamwanga pande zote mbili za mpaka? Mimi sijaandika. Riwaya yangu ile ya chini ya kitanda inaanzia Masaki.

Watoto watatu bado wanakuja Jumamosi. Wa nne amezuiwa, na sitamchukua bila ruhusa ya baba yake. Ila juzi alipita mbio, daftari kwapani, akasimama dirishani kwangu.

"Kaka, na ile mpya ya umeme, ya Dodoma?"

"Sentimita 143 na nusu."

Akatoa kalamu, akaandika kiganjani, akakimbia. Alikuwa keshachelewa tuisheni.