Kidole cha mama kimesajiliwa?



Vitasa vinavyofunguka kwa alama za vidole vimeanza kuingia majumbani, na sisi wa Tunduma tuna sababu ya kuvitamani. Tunaishi mlangoni pa nchi. Ng'ambo pale ni Nakonde, malori ya Zambia na Kongo yanapanga foleni, na mgeni uliyemwona asubuhi jioni humjui yuko upande gani wa mpaka. Anayefunga duka usiku akarudi nyumbani na mauzo ya siku ana haki ya kutaka mlango usiofunguliwa kwa ufunguo wa kuchongesha.

Wapo watakaokuambia kwamba mwenye imani hahitaji kitasa. Nehemia hakufikiri hivyo. Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52, na mara akasimamisha milango. Akaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na wenyeji wakae zamu, kila mmoja mbele ya nyumba yake mwenyewe. Huyu ndiye mtu yule yule aliyefunga na kuomba kabla ya kuanza kazi. Basi nunua kitasa chako kwa amani.

Lakini endelea kusoma sura hiyo ya 7. Baada ya milango, Nehemia anashika orodha ya watu. Wengi wetu tunairuka kwa sababu ya majina magumu. Nawe ukishafunga kitasa, fundi atakuuliza swali hilo hilo: tusajili vidole vya nani? Hapo hununui tena chuma. Unaandika nani ni mtu wa nyumba hii.

Namfahamu mama mmoja aliyetoka Ileje kuja kumsalimia mwanawe hapa mjini. Kidole chake kilikuwa kimesajiliwa, mwanawe hakumsahau. Alirudi kutoka sokoni mchana, akabandika kidole, mlango ukakataa. Akajaribu tena na tena, kisha akakaa kibarazani na kikapu chake. Akapiga hodi, kwa mazoea tu, kwa mlango usio na mtu ndani.

Kosa halikuwa lake. Kitasa husoma mistari midogo ya ngozi, na mistari hiyo hulika. Jembe huila, majivu ya kusugulia sufuria huila, saruji huila, na uzee humalizia. Utakumbuka mwaka 2019 tulipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole: wazee wetu walifutwa mikono kwa kitambaa, wakajaribu gumba, wakajaribu cha shahada, na mashine ikawa haiwaoni. Mkono uliopalilia kahawa ya Mbozi ukakulipia ada ya shule ndio unaokataliwa mlangoni pako.

Sasa rudi kwa Nehemia. Katika orodha ile wamo watu 642 walioshindwa kuonyesha ukoo wa baba zao. Hawakuwa na uthibitisho, lakini wamehesabiwa pamoja na wenzao. Ni kweli, waliodai ukuhani bila kuonekana kwenye orodha waliwekwa kando kwanza. Si kila mtu afungue kila chumba, na dada wa kazi hana haja na chumba unachowekea fedha. Lakini mlango wa mbele, wa kuingia kukimbia mvua, huo anauhitaji kama wewe.

Na wewe unayesafiri kwenda Lusaka wiki nzima, naomba nikuulize jambo ambalo fundi hakuulizi. Msimamizi wa kitasa ni nani, yaani mwenye uwezo wa kuongeza na kufuta vidole? Kama ni wewe peke yako, kwa simu yako, siku usiporudi mkeo atakuwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga nawe. Tumewaona wajane wakitolewa vyombo nje na shemeji zao. Mfanye mkeo msimamizi leo, ungali hai na mna amani.

Mengine ni madogo. Msajili mzee vidole kadhaa vya mikono yote miwili, mpe na namba ya siri aliyozoea kuikumbuka. Badilisha betri kitasa kinapoanza kulalamika, usingoje kinyamaze. Na mjulishe jirani kwamba una mzazi ndani; zile zamu za Yerusalemu zilikuwa za majirani.

Yule mama jirani alimwona, akamwita, akampa chai mpaka mwanawe aliporudi jioni. Kitasa kile kilikuja na ufunguo wa kawaida wa dharura, ulikuwa kabatini ndani ya boksi lake. Sasa mama anautunza yeye, kwenye fundo la pindo la khanga.