Mtego wa Koyote

Katika nchi ya Marekani yuko mnyama wa jamii ya mbwa, mfano wa bweha, aitwaye koyote. Huwala wana-kondoo, na wenye mifugo humtega kwa mtego wa chuma ushikao mguu.

Kwanza hutafutwa njia apitayo. Kando yake, upande utokako upepo, huchimbwa shimo dogo la mshazari, kina chake inchi 6 au 8, mfano wa mahali mnyama mwingine alipoficha chakula. Ndani hutiwa kipande cha nyama, na mdomoni mwake mkojo wa koyote, ili upepo uchukue harufu hata njiani.

Mtego hufukiwa mbele ya shimo, nao hufungwa kwa mnyororo na kigingi. Yapasa ukae imara, kwani ukitikisika chini ya wayo wake koyote hushtuka akakimbia. Juu yake hunyunyizwa udongo mkavu uliochekechwa, kadiri ya robo inchi. Mtegaji huvaa glavu safi, asiache harufu yake.

Lakini jueni, mtego hauna macho. Humshika mbwa wa jirani sawasawa na mwizi wa kondoo, na aliyeshikwa hungoja kwa maumivu. Watu wa Colorado mwaka 1996, na wa California mwaka 1998, walipiga kura kuukataza, isipokuwa kwa sababu chache. Panaporuhusiwa, mwenye kutega na aamke alfajiri kila siku akaitazame mitego yake. Asiyeweza kuamka, asitege.